Niliwatungia Wakisii Mila Ili Nipate Kulala

Nianze kwa kukubali: kosa ni langu, na hakuna shetani wa kumsingizia. Shetani mwenyewe angeona nilichofanya angeomba tu aketi pembeni ajifunze.

Naandika bila jina kwa sababu bado nahitaji kazi. Nina watoto wawili, nina mume, na nina mdomo. Huo mdomo ndio ulioniponza.

Nafanya kazi katika duka la vinyago vya mawe ya sabuni mjini Kisii. Mawe yanatoka kwa wachongaji wa Tabaka yakiwa yamechongwa nusunusu, sisi tunayapiga msasa na maji, tunayang'arisha, tunayafunga kwa magazeti na majani makavu ya migomba, yanaondoka. Ni kazi ya vumbi. Jioni unarudi nyumbani ukiwa mweupe kama umelala kwenye gunia la unga.

Bosi wangu si Mkisii. Ni mtu wa upande wa ziwa, mpole, msafi, mwenye adabu hata kwa paka wa dukani. Jamani, kumdanganya mtu wa namna hiyo ni rahisi mno! Tena inauma baadaye.

Mambo yalianza na ukweli. Asubuhi moja nilimwambia, "Bosi, baba ni mgonjwa, naomba nimpeleke hospitali." Akaniangalia kwa huruma na woga. "Baba yako si tulimzika mwaka juzi? Mimi mwenyewe nilikuja."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba kwa Kikisii baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Sisi tukizungumza Kiswahili haraka, ulimi unateleza. Hakuamini mpaka alipomuuliza mwenye duka la jirani. Aliporudi alikuwa ameaibika kabisa. "Nimekaa na ninyi miaka hii yote na sijui hata mnavyomwita mama! Kama kuna mambo mengine ya kwenu ambayo sijui, tafadhali nifundishe."

Nifundishe! Mtu anakufungulia mlango namna hiyo, utakosaje kuingia?

Wiki chache baadaye, Jumapili, mteja mkubwa alitaka kuona mzigo. Bosi alinipigia simu mara kumi na moja. Mimi nilikuwa kitandani, nimejifunika blanketi, natazama mchezo wa mfululizo ambamo mke mwenza alikuwa karibu kujulikana. Simu ikalia, nikaigeuza kifudifudi.

Jumatatu akaniuliza kulikoni. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Bosi, nilikuwa nimeenda kwa wakwe. Kwetu mgeni akienda kwa wakwe haongei neno lolote mpaka ale. Na mpaka saa kumi kuku alikuwa bado anakimbizwa."

Bosi aliitikia kwa kichwa polepole. "Hiyo ni heshima kubwa sana," akasema. Nilienda nyuma ya stoo nikacheka mpaka nikashika tumbo.

Siku nyingine alitununulia samaki sote kwa sababu tulimaliza oda mapema. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka hotelini, nilikojificha badala ya kwenda posta aliponituma, nimekula chapati tatu na maharagwe. Sikuwa na nafasi hata ya maji. Akanikaribisha, nikakataa. Akauliza kama nimekasirika. Nikasema, "La, bosi. Kwetu mtu akikaribishwa na mkubwa wake anakataa mara tatu. Mara ya nne ndiyo anakubali."

Nilidhani imeisha. Kumbe yule mtu alisimama pale akanikaribisha mara ya pili, ya tatu, na ya nne! Nilikula samaki mzima huku jasho likinitoka. Hiyo ilikuwa adhabu ya kwanza, na sikuielewa.

Halafu kulikuwa na twiga. Twiga wa jiwe, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, ameshapata mteja. Mimi nilikuwa nafuta vumbi na visikizi masikioni, wimbo ukapanda, na mimi nikapanda nao. Nikarusha nyonga kushoto. Twiga akaanguka, shingo upande huu, mwili upande ule.

Kwa bahati dukani kulikuwa na mzee mmoja anaangalia mabakuli. Bosi alipotoka mbio ofisini nikamwambia, kwa uso wa huzuni, "Bosi, kwetu hatuwapi wazee mgongo. Nilikuwa naondoka mbele ya huyu mzee kinyumenyume, kwa heshima." Bosi akaokota shingo ya twiga, akaniambia nisilie. Haki ya Mungu, nilikuwa silii. Nilikuwa najizuia kucheka.

Basi maisha yakaenda hivyo. Kila nikiteleza, Wakisii wanapata mila mpya. Watu waliokufa zamani hawakujua wameacha sheria nyingi kiasi hicho.

Siku moja bosi akanijia na daftari. Akalifungua mbele yangu. Jamani! Uongo wangu wote ulikuwa mle, kwa mwandiko safi, umepewa namba. Juu ameandika "Mila za Abagusii", ndivyo tunavyojiita sisi Wakisii, na kupiga mstari kwa rula.

"Naomba uniambie kitu kimoja," akasema. "Haya ni ya Wakisii wote, au ni ya ukoo wenu tu?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema ni ya ukoo wetu tu, tena bibi yangu alikuwa mtu wa ajabu. Lakini niliona kama anataka kunishika. Nikakaza uso. "Ni ya wote, bosi. Hata wa kule Nyamira."

Akashukuru, akafunga daftari. Nilidhani anataka kuwasomea watalii.

Jumapili iliyofuata akaniambia nifike dukani saa mbili, kuna kazi ya pekee. Nikamkuta amevaa suti. Ndani ya gari kulikuwa na mzee wa ukoo wake, kofia kichwani, mkongojo katikati ya magoti. Nilipoingia na tukapita njia ya Nyamira, bosi akanifichulia. Alikuwa na mchumba, Kerubo, mwalimu wa huko Sironga. Leo ndiyo siku ya kwanza ya kuonana na wazazi wake.

"Na yeye Kerubo hajakufundisha vile wanafanya huko kwao?" niliuliza.

"Sikumuuliza. Nataka wazee wake waone kwamba nilijifunza mwenyewe, sikungoja binti yao anishike mkono. Hata huyu mzee wangu nimemsomea yote. Bila wewe ningeenda huko kama mtu asiye na kwao."

Nikasema tumbo linaniuma, nishuke nirudi. Akasimamisha gari kwenye duka la dawa, akaninunulia vidonge, akaninunulia na maji. Nikavimeza. Ningesema nini? Nilifungua mdomo mara tatu kabla ya Sironga, na kila mara akaniangalia kwenye kioo kwa yale macho ya shukrani. Nikafunga.

Baba yake Kerubo alitupokea langoni. Mzee mrefu wa kanisa, Msabato, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Akatusalimia, akatuonyesha njia, akasema tutangulie. Na bosi wangu, kwa sababu hawezi kumpa mzee mgongo, akageuka. Akaanza kuvuka uwanja wa boma kinyumenyume, suti na viatu vyeusi, akimwinamia mzee kila hatua mbili. Yule mzee wa kofia naye akamfuata, kinyumenyume, na mkongojo.

Wimbi la mama mwenye boma lilikuwa limeanikwa kwenye turubai. Bosi akalipitia lote, katikati. Shangazi mmoja aliyekuwa kwenye kibaraza akasimama, akainua mkono, akaanza kukemea kwa jina la Yesu.

Mimi nilitembea kawaida. Bosi akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyemwona mwalimu wake akiiba mtihani. Basi nikageuka. Ndiyo! Na mimi niliingia katika nyumba ya watu kwa makalio.

Tukaketi. Mwenye nyumba akasali, akatukaribisha, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Haya, wageni wetu. Mmekuja na neno gani?"

Kimya.

Bosi akatabasamu. Akainamisha kichwa. Mzee wa kofia akainamisha kichwa. Mwenye nyumba akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti. Kimya. Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, wewe ni wa wapi?"

Bosi alikuwa ananitazama. Mimi pia nilikuwa mgeni, na bado sijala. Nikainamisha kichwa.

Mwishowe mwenye nyumba akasema pengine wageni wamechoka na safari, chakula kiletwe kwanza.

Nilishukuru Mungu. Wakila, wataongea! Kisha nikakumbuka samaki. Nilitunga mila hizi mbili katika miezi tofauti, kwa shida tofauti. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja zitakutana katika nyumba moja. Haongei mpaka ale. Na hali mpaka akaribishwe mara nne.

Chakula kikaletwa. Obokima, ugali wa wimbi, umekaa kama mlima. Chinsaga, mboga yetu chungu, iliyopikwa na maziwa tangu jana jioni. Kuku mzima, mchuzi unang'aa. Kerubo mwenyewe alikuja na maji ya kunawa, macho chini, mrembo kwelikweli.

"Karibuni chakula," mama yake Kerubo akasema. Bosi akatikisa kichwa, akakataa.

"Mkaribie jamani, ni kidogo tu." Akakataa. Mzee wa kofia naye akakataa, ingawa nilimwona akimeza mate.

Mama akawatazama. "Kwani hii chakula yetu iko na nini? Kuleni." Wakakataa mara ya tatu, kwa tabasamu.

Na hapo ndipo alipokoma kukaribisha. Hakuna mama Mkisii atakayekubembeleza mara nne kwa kuku wake mwenyewe! Akachukua kitambaa, akafunika obokima. Akamwambia mumewe kwa Kikisii, pole pole, "Wamekuja kutuambia sisi ni wachafu."

Kerubo alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alimtazama bosi kama mtu asiyemjua. Bosi naye alikuwa ananitazama mimi, amechanganyikiwa, na chini ya meza amenyoosha vidole vinne. Mbona hawasemi mara ya nne?

Mwenye nyumba akasimama. Nilijua mtu akisimama hivyo kinachofuata ni kutuonyesha lango. Nilimwona Kerubo akianza kulia bila sauti. Ndugu zangu, hapo mtu mwenye roho angekiri.

Mimi nilitunga mwingine!

Nikamwambia yule mzee kwa Kikisii, ili bosi asielewe, "Tata, msikasirike. Hawa ni watu wa ziwa. Kwao ndivyo wanavyoonyesha heshima. Hawaongei, hawali, na wanatembea kinyumenyume."

Na unajua? Ilifanya kazi. Mzee akaketi. "Kumbe!" akasema. "Kumbe kwao iko hivyo." Mama akafuta macho. Ni shangazi tu aliyebisha. "Yaya, hapana! Mimi niliuza ndizi huko miaka mingi. Hao watu wanaongea kushinda redio!"

Nikataka kumjibu, lakini kuna mtu alikohoa. Ni yule mzee wa kofia. Akaegemea mkongojo wake, akanitazama, na kwa Kikisii kilichonyooka kuliko changu akasema:

"Mama, mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Nani wa kwetu alikuambia tunakataa kuku?"

Woi! Kumbe alikuwa ameuza samaki soko la Nyamache, huku Ukisiini, tangu ujana wake. Sokoni aliokota lugha, ya ukweni hakuyajua, ndiyo maana aliliamini daftari. Hakuna aliyeniambia. Nani angeniambia, na mimi ndiye niliyepiga marufuku watu kuongea?

Akamgeukia bosi, akamweleza kwa lugha yao. Niliona uso wa bosi ukibadilika kidogo kidogo. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa daftari, akaliweka mbele ya mwenye nyumba kwa mikono miwili.

"Mzee, nisamehe. Nilifundishwa hivi." Akaanza kusoma. Namba moja. Namba mbili. Alipofika kwenye kukataa mara tatu, shangazi akashika kinywa. Alipofika kwenye mgongo, mama akachungulia dirishani kuliangalia wimbi lake.

"Nani alikufundisha hii mambo?" mzee akauliza.

Bosi hakunitaja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hakunitaja. Alitazama tu sakafu. Basi nikasema mwenyewe, "Ni mimi, tata." Nikaeleza yote, simu, chapati, twiga. Nilieleza nikilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Kerubo aliweka birika chini. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Na ulituona tukiaibika hapa, ukaongeza lingine?"

Nikasema ndiyo. Mimi, neno moja tu!

Mwenye nyumba alilifunga daftari. Kisha akamuuliza bosi, "Yaani umekaa na njaa hapo kwa sababu ulifikiri ndivyo sisi tunataka?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kuku umemwona?"

"Nimemwona sana, mzee."

Yule mzee alianza kucheka mabega, kisha tumbo, kisha nyumba nzima. "Vijana wangu hawafuati hata mila za ukweli," akasema, "na huyu amefuata za uongo mpaka mwisho! Mama, funua chakula." Mama akafunua obokima, akamkaribisha bosi mara ya nne. Alikula kama mtu aliyetoka kulima.

Mimi pia nilipewa sahani. Niliirudisha jikoni ilivyo.

Tulipokuwa tunarudi, bosi hakuwasha hata redio. Tulipokaribia mjini akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa naandika ili watoto wangu na Kerubo waje kujua kwao mama yao." Jumatatu akaniletea daftari na kalamu, akaniomba nipige mstari kwenye yaliyo ya uongo. Nilipiga mistari mpaka wino ukafifia. Yalibaki mawili: baba ni mama, na tata ni baba.

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Walioana. Mimi sikualikwa, nilifunga zawadi za wageni kwa magazeti dukani. Siku hizi shule zikifungwa, Kerubo anakaa kaunta. Asubuhi ya kwanza nilichelewa kwa saa nzima. Akaniuliza kwa nini. Mdomo wangu, huu huu, ukaanza wenyewe, "Madam, unajua kwetu..."

"Kwetu wapi?" akauliza, akanikazia macho.

Jaribu wewe kumdanganya Mkisii juu ya Ukisii! Nikasema, "Nililala." Akanipa ufagio, nikafagia vumbi la mawe mpaka jioni, stoo na ua.

Hilo naliweza. Lisilovumilika ni la wiki iliyopita. Mchongaji mmoja wa Tabaka alifiwa na mkewe, na bosi alitaka kujua aende vipi, avae nini, awasalimu nani kwanza. Hayo nayajua yote. Nayajua ya kweli! Nilikuwa nimesimama karibu naye, naye alikuwa ananitazama. Akachukua simu, akampigia mkewe shuleni, na akaendelea kunitazama huku akisubiri mtu mwingine amjibu.

Ninyi mnaosoma, najua mko na visingizio vyenu tayari kwa kesho asubuhi. Pancha, mtoto mgonjwa, betri imeisha. Vitupeni. Ukilala, sema ulilala. Ukivunja, sema ulivunja. Na kama lazima udanganye, danganya kwa jina lako mwenyewe, usiingize watu wa kwenu wote. Mimi niliwaingiza, na sasa kuna mtu mwema mjini Kisii ambaye hawezi tena kuniuliza hata njia ya kwenda matangani.